Chatu wa Wake Wenza

Mitungi ya Ayinpoka ilikuwa na midomo, na midomo hiyo ilikuwa ya watu. Ukipita sokoni siku ya gulio ukaona mtungi wa maji uliobinua mdomo wa chini kama mtoto aliyenyimwa nyama, basi huyo alikuwa Lamisi, mke mwenzake. Ukiona chungu cha pombe chenye shingo fupi na tumbo lililotangulia, huyo alikuwa dalali mmoja wa ng'ombe aliyewahi kumdhihaki Ayinpoka mbele za watu, na tangu hapo tumbo lake likawa limekaa jikoni kwa nusu ya kijiji. Watu walinunua huku wakicheka. Lamisi naye alipopita mbele ya mitungi ile alitazama pembeni, kana kwamba kulikuwa na jambo la maana kule wanakouza chumvi. Hilo lilimuudhi Ayinpoka kuliko tusi lolote.

Lakini usimwonee Lamisi huruma mapema. Yeye ndiye aliyeanza.

Alipoletwa kuwa mke wa pili wa Atubiga, mama mkwe alimpa unyoya wa kanga na kibuyu cha rangi nyeusi, akamwonyesha kipande cha ukuta apake, wapate kujua amekuja na mkono gani. Lamisi alichora mjusi. Alikuwa mjusi mzuri kweli, vidole vyote vipo, mkia umepinda vizuri. Tatizo lilikuwa makalio. Makalio yale hayakuwa ya mjusi yeyote aliyewahi kupanda ukuta huku kwetu. Watu wa boma walimtazama mjusi, kisha wakamtazama Ayinpoka aliyekuwa ameinama akisaga uwele, kisha wakamtazama mjusi tena. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kilemba.

"Huyu mtoto anaona," alisema.

Ayinpoka alinyanyuka, akajitazama nyuma kwanza, halafu akautazama ukuta. Siku ya gulio iliyofuata mitungi yenye mdomo uliobinuka ilishuka sokoni kwa mara ya kwanza.

Ayinpoka alizaliwa kwenye nyumba ya wafinyanzi, na udongo aliujua kwa ulimi. Alichimba kule bondeni baada ya mavuno, akamega kidogo, akatafuna, akatema. Ukiwa na mchanga mwingi aliutukana. Ukiwa laini kupita kiasi aliponda vigae vya vyungu vilivyovunjika akauchanganya, huku akisema kwamba hata chungu kipya kinahitaji wazee ndani yake. Alipofinyanga hakukizungusha chungu. Alikizunguka yeye, kinyumenyume, kainama, akiimba masengenyo ya wiki nzima. Ukitaka kujua habari za kijiji ulikwenda kukaa karibu yake wakati anapandisha shingo ya mtungi.

Rangi ndiyo iliyomkataa. Ukimpa unyoya na kumwambia piga mstari ulionyooka, mstari wake ulitoka nyumbani vizuri, ukafika njiani ukakumbuka mambo mengine. Lamisi kwa upande wake hakuweza kufinyanga hata kibakuli cha kuku, lakini akishika unyoya ukuta wenyewe ulikaa kimya. Alijua kusaga jiwe jeusi mpaka likawa kama masizi yenye mafuta. Alijua kuchemsha maganda ya mti wa dawadawa na kuunyunyizia ukuta maji yake mekundu, rangi ishike na mvua isiile haraka. Kwa hiyo kazi iligawanyika yenyewe: palipohitaji udongo uinuke alikuwa Ayinpoka, palipohitaji rangi ilale alikuwa Lamisi.

Na palikuwa na chatu.

Chatu alikaa kwenye ukuta mrefu wa uani, kutoka mlango wa Ayinpoka mpaka mlango wa Lamisi, mwili wa udongo ulionyanyuka kutoka ukutani mnene kama paja. Kwetu chatu hauawi. Ni bibi wa nyumba, hulinda wanawake na watoto, na pale kilipo kichwa chake ndipo anapotazama. Mara ya kwanza kabisa walipomfinyanga pamoja, Ayinpoka alikuwa tayari ameshika bonge la udongo mlangoni pake. Yeye ndiye mke wa kwanza. Yeye ndiye aliyefinyanga mwili. Nani angeuliza?

Mama mkwe alichomoa kiko mdomoni, akaelekeza mlango wa Lamisi.

"Kichwa kiende kwa anayempa macho," alisema, akarudisha kiko.

Basi, kikaenda. Lamisi akakipaka macho mawili meupe yenye kiini cheusi, mazuri ya kuudhi, na Ayinpoka akabaki na mkia mlangoni. Tangu siku ile, kila ukuta ulipokarabatiwa, na ulikarabatiwa kila mvua ilipoushinda, alifinyanga kichwa cha bibi wa nyumba kwenye mlango wa mwenzake na kurudi kulala kwenye mkia. Liliuma. Watu walidhani ni mzaha, kwa sababu yeye mwenyewe alilifanyia mzaha, lakini liliuma.

Tangu siku ile pia wake wenza hawa hawakusemezana. Usinielewe vibaya, walizungumza kutwa. Walizungumza na mbuzi. Boma lile halikukosa beberu, na kila beberu aliyeingia alirithi jina la Baba Mkwe, kwa kuwa alikuwa na ndevu, alisikia kila kitu na hakujibu kitu.

"Baba Mkwe," Ayinpoka angesema, "hebu mwambie fulani mchuzi wake wa bamia jana ulikuwa na chumvi ya kuhifadhia maiti."

"Baba Mkwe," Lamisi angejibu bila kugeuka, "mwambie aliyesema hivyo kwamba alilamba sufuria mpaka ikaomba msamaha."

Atubiga, mume wao, akisikia hivyo alichukua jembe na kwenda shamba hata kama ni kiangazi. Alikufa akiwa mtu mpole, mama mkwe akiwa ametangulia, na mabinti wa nyumba wakaolewa mmoja mmoja. Wakabaki wanawake wawili waliozeeka, Baba Mkwe wa sijui wa ngapi, na Adongo, kitinda mimba wa Ayinpoka, aliyekuwa fundi baiskeli mjini. Adongo alipopata mchumba, binti mmoja wa ng'ambo ya mto aitwaye Talata, ikapangwa kwamba shangazi za binti waje walione boma. Shangazi za ng'ambo ya mto hawaangalii ng'ombe wala ghala. Wanaangalia ukuta. Ukuta ukiwa mbovu wanasema wanawake wa nyumba ile wana ugomvi, wanakunywa pombe yako na kuondoka na binti yao.

Ndipo kazi ikaanza, na ndipo Ayinpoka akagundua jambo.

Asubuhi moja Lamisi alikuwa amesimama uani akimenya karanga huku akimpa Baba Mkwe matusi ya uhakika, matusi yaliyopangwa vizuri, yote yakimhusu mtu mwenye makalio. Ayinpoka alisikiliza akitafuta jibu. Halafu akamwona Baba Mkwe amelala nyuma ya ghala anacheua. Aliyekuwa akitukanwa ni gunia la makapi.

Ayinpoka aliliangalia gunia. Akamwangalia Lamisi. Akavua viatu, akasogea polepole mpaka wakawa uso kwa uso, akamtolea ulimi, ulimi mrefu mpaka kidevuni. Lamisi, ambaye hajawahi kuacha tusi lilale njaa, aliendelea kumenya karanga. Ayinpoka akageuka, akatikisa makalio yaleyale ya mjusi. Karanga ziliendelea kumenywa.

"Haoni," Ayinpoka alijiambia, na jambo la kwanza lililomjia, ni aibu kusema, lilikuwa kicheko. Alikimbilia nyuma ya ghala akacheka mdomo ukiwa ndani ya kitambaa. Jambo la pili lilikuwa kichwa cha chatu.

Maana alikumbuka jinsi Lamisi alivyopaka mwaka ule: kidole cha kushoto kikitangulia kwenye michirizi iliyochorwa kwa kisu, unyoya ukifuata nyuma, pembetatu za nakshi tunayoiita vigae vya kibuyu zikitoka sawasawa kama zamani. Alikuwa akipaka kwa vidole na kwa kumbukumbu, amewaficha watu wote. Na ukuta wa juu ndio aliokuwa akiushughulikia. Chatu, kule chini, hakumgusa, alisubiri afinyangwe na kukauka.

Kwa hiyo Ayinpoka alifinyanga. Alitia udongo wake bora, wenye vigae vya mitungi ya mama yake, na samadi ya ng'ombe ya kuushikilia. Mlangoni pa Lamisi akaweka mkia, mkia mwembamba mzuri, akausugua kwa kokoto la mtoni ukang'aa. Mlangoni pake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akaweka kichwa. Alikaa mbele yake akakitazama mpaka ugali wa uwele ukapoa.

Teni, jirani aliyekuja kusaidia kusaga rangi, aliona, akashika kiuno.

"We Ayinpoka! Unamfanyia nini mwenzio?"

"Ninamfanyia nini? Chatu kageuka. Kachoka kulalia ubavu mmoja."

"Akijua?"

"Atajua kesho, apige kelele, nicheke, tuzeeke. Wewe kunywa pombe yako."

Lakini kesho ilipita na Lamisi hakupiga kelele. Keshokutwa vilevile. Alimuuliza Baba Mkwe kama kichwa kimekauka, na Ayinpoka akamwambia Baba Mkwe kwamba kichwa kiko panapostahili, na Lamisi akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye pembetatu zake. Utani usioonwa ni kazi ngumu. Ayinpoka alianza kuuchoka kidogo.

Siku ya wageni ilifika. Lamisi alioga mapema, akavaa kitambaa chake cha mistari cha kufumwa, akasaga rangi nyeupe kidogo na nyeusi kidogo kwenye vigae viwili. Halafu akamwita mbuzi.

"Baba Mkwe, mwambie yule mwenye udongo. Leo macho ya chatu nitayafungua mwenyewe, mbele ya shangazi wote, mlangoni pangu. Nikimaliza, unyoya nampa mwali akija. Sipaki tena. Nataka watu wanikumbuke kwa macho hayo."

Ayinpoka alikuwa akipepeta. Ungo ulisimama hewani.

Macho! Katika raha ya kupata kichwa alikuwa amesahau macho. Aliyaona yote kwa mara moja: shangazi wamejipanga, Lamisi kasimama kwa madaha, unyoya mkononi, anaupeleka ukutani, anatafuta paji la uso wa bibi wa nyumba, na mkono unateleza kwenye mkia. Shangazi watatazamana. Mmoja atasema, "Kumbe mama haoni." Yule aliyeambiwa na mama mkwe kwamba anaona. Kwa siku nyingi Ayinpoka alikuwa ametamani kuuona uso wa Lamisi akigundua, na sasa alijua hawezi kuutazama.

"Baba Mkwe," alisema kwa sauti isiyo yake, "mwambie aende akapime pombe huko kwa Teni kama imeiva. Wageni hawanywi uji."

"Mwambie pombe nimeipima jana."

"Mwambie akaipime tena! Imebadilika!"

Lamisi aliinua nyusi, akachukua fimbo, akaenda taratibu, akihesabu njia kwa miguu. Ayinpoka akatupa ungo.

Mtu yeyote aliyewahi kushika udongo anajua kwamba udongo mbichi haukai juu ya mkavu. Ayinpoka alijua hivyo kabla hajaota meno. Akakwangua mkia kwa kisu, akaumwagia maji, akaukwaruza, akapaka samadi, akautemea mate, akaubandika bonge, likaanguka. Akaliokota, akalitukana, akalibandika tena. Ng'ambo ya mashamba yaliyovunwa alisikia vigelegele vya shangazi. Hakuwa na nafasi ya kufikiri kichwa cha chatu kinavyokuwa. Aliiachia mikono, na mikono ilifanya ilichozoea. Alipovuta pumzi na kurudi hatua nyuma, chatu wa mlangoni pa Lamisi alikuwa na kichwa, naam. Na mdomo wa chini umebinuka kama mtoto aliyenyimwa nyama.

"Mama yangu wee," alisema Ayinpoka. Hakukuwa na muda wa kuurekebisha.

Shangazi waliingia. Mkubwa wao aliitwa Azuma, mwanamke wa kimo kirefu aliyekuwa akibonyeza kila kitu, watu hata kuta. Alipokea pombe, akaimaliza, akatembea na ukuta kutoka mlango huu mpaka mlango ule, akarudi.

"Pembetatu hizi safi," alisema. "Zimenyooka. Lakini nina swali. Huyu chatu wenu ana kichwa hapa, na kichwa pale. Sasa akishammeza mbuzi, anatolea wapi?"

Shangazi walicheka. Baba Mkwe aliondoka uani.

Lamisi alikuwa amesimama mlangoni pake na unyoya wake. Alinyoosha mkono wa kushoto, polepole, akauweka juu ya kichwa. Kiganja kizima kikazama kwenye udongo mbichi. Kidole gumba kikatembea mpaka mdomoni, kikaufuata ule mdomo wa chini uliobinuka, mara moja, mara mbili. Ayinpoka alifumba macho.

"Shangazi," alisema Lamisi, "kwenu kuna mama mmoja kila nyumba?"

"Kuna mmoja, kuna wawili, inategemea."

"Hapa wako wawili. Mwali wenu akiunguza ugali upande huu, huyu atamwona. Akikimbilia kule, yule atamwona. Na kwa kuwa chatu wetu hana mkia, hakuna atakayelala kwenye mkia."

Azuma alimtazama Lamisi usoni, akautazama mdomo wa chatu, akamtazama Lamisi tena. Kisha akaanza kucheka, cheko la tumboni, akambonyeza Lamisi bega.

"Talata atateseka hapa," alisema. "Tunakubali."

Vigelegele vikapigwa. Lakini Lamisi hakupaka macho ya kichwa kile. Aliufuata mwili wa chatu kwa mkono mpaka mlangoni pa Ayinpoka, akakipata kichwa cha kwanza, kile kilichokauka vizuri, akakipapasa kwa vidole kama mtu anayemtafuta chawa mtoto wake, kisha akakipaka macho mawili meupe yenye kiini cheusi. Hayakuwahi kutoka mazuri hivyo. Alipomaliza aliushika unyoya kwa ncha na kuunyoosha hewani, upande ambao Ayinpoka hakuwapo. Ayinpoka akaenda akasimama upande huo haraka, akaupokea.

Kwa hiyo yule mwingine, wa mdomo uliobinuka, alipakwa macho na Ayinpoka. Jicho moja lilikaa mahali pake. La pili lilitoka nyumbani vizuri likafika njiani likakumbuka mambo mengine. Mpaka leo chatu huyo ana makengeza, na utosini ana alama ya kiganja ambayo Ayinpoka hakukubali isawazishwe, hata Teni alipomwambia kwamba inaharibu kazi.

Wageni walipoondoka, Adongo akiwasindikiza, wanawake wawili walikaa chini ya ukuta miguu imenyooshwa. Masalia ya pombe yalikuwa kati yao. Ayinpoka alimtafuta mbuzi kwa macho, hakumwona. Kazi ya kuomba radhi bila mbuzi ilikuwa mpya kwake.

"Lamisi," alisema. Jina lilitoka limekakamaa, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Ule mkia..."

"Niliukuta siku ileile uliyouweka. Nina vidole."

Ayinpoka aligeuka.

"Ulijua? Na leo asubuhi unaniambia habari za macho mbele ya shangazi, ulijua?"

"Nilitaka kujua utafanya nini."

"Shetani wewe! Nimemtemea chatu mate! Nimekaribia kufa!"

"Nimekusikia. Nilisimama nyuma ya ghala. Kwa Teni sikufika."

Ayinpoka alichukua kibuyu akanywa, akampa mwenzake, akakiongoza mpaka mkononi mwake bila kusema kwamba anakiongoza. Lamisi akanywa, akajifuta mdomo ule maarufu kwa mgongo wa mkono.

"Na jambo lingine," alisema Lamisi. "Siku ile uliponitolea ulimi, ulikuwa umekula kitunguu."

Ayinpoka alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakaendelea kutoka kicheko kilipokwisha, na hakuyafuta, maana nani angeyaona. Alipotulia akasogea polepole, taratibu sana, bila kugusa hata kibuyu, mpaka wakawa uso kwa uso, akatoa ulimi wote.

"Bado kinanuka," alisema Lamisi.